Mafuta ya mbegu za pamba: kwa nini yanatoka meusi, na kwa nini chumvi na kitunguu havisaidii

*"Mtaalamu, pole na kazi. Nina mashine ndogo ya kukamulia alizeti, na msimu huu nimeanza kukamua mbegu za pamba ninazochukua kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Kilo 100 za mbegu zinanipa lita 8 tu. Mafuta yanatoka mekundu yanayokaribia weusi, yana uchungu, yanafanya povu jingi kwenye kikaango, na kukiwa na baridi yanaganda ukungu mweupe chini ya chupa. Nimeambiwa niyachemshe na maji ya chumvi na kitunguu ili sumu itoke. Mashudu nawapa ng'ombe na kuku wa mayai, na sasa yapo mayai yenye kiini cha kijani na ute wa rangi ya waridi. Nyumbani tumeshaanza kuyapikia mafuta hayo. Je, nibadilishe mashine, niendelee kuyachemsha, au niache kabisa?"*

Ndugu msomaji, kuna mawili yasiyosubiri maelezo. Acheni kuyapikia mafuta hayo leo, hata yale mliyokwisha kuyachemsha. Na kuku waondolee mashudu leo hii hii. Mengine uliyouliza, kuanzia hizo lita 8 hadi ukungu wa chupani, yana nafasi ya kuzungumzwa taratibu.

Mashine yako huenda haina kosa kubwa. Shida ni kwamba mbegu ya pamba inashughulikiwa kama alizeti. Alizeti ikikamuliwa, mafuta yakatuama na kuchujwa vizuri, watu wengi huyatumia hivyo hivyo. Mafuta ya pamba yakitoka kwenye mashine bado ni mali ghafi. Hayawi chakula mpaka yapitie soda ya kostiki (ile kali ya kutengenezea sabuni), maji ya moto, udongo wa kusafishia unaonyonya rangi, na mvuke. Kinachoyatenga na alizeti ni kitu kimoja kiitwacho gosipoli, na ukikifahamu hicho, karibu kila dalili uliyoandika inajieleza.

Chukua mbegu moja, ipasue kwa wembe, uangalie kiini chake kwenye mwanga. Utaona vidoa vyeusi vidogo vimetapakaa. Kila kidoa ni kifuko kilichojaa gosipoli, rangi ya manjano ambayo mmea hujikingia dhidi ya wadudu. Kutegemea aina ya pamba, huwa kati ya asilimia 0.6 na 2 ya uzito wa kiini. Mashine inapoponda mbegu, vifuko hupasuka; sehemu ya gosipoli huondoka na mafuta na kuyapa ule wekundu na uchungu, sehemu hubaki kwenye mashudu.

Sasa shika tofauti hii, maana ndiyo inayoamua mambo: gosipoli huwa huria au iliyofungwa. Iliyo huria ndiyo inayodhuru. Iliyofungwa imeshikamana na protini, hasa kwenye kiungo chake kiitwacho lisini, na sehemu kubwa hupita tumboni bila kufyonzwa. Kinachoifunga ni joto pamoja na unyevu, mahali penye protini. Mahali hapo ni ndani ya mbegu iliyopondwa, kabla ya kukamuliwa. Mafuta yakishatoka yameiacha protini nyuma, kwa hiyo hata ukiyachemsha kutwa, gosipoli haina cha kushikamana nacho. Haiyeyuki kwenye maji, iwe yana chumvi au hayana, hivyo haiendi na maji. Kitunguu kinaficha harufu tu. Kibaya zaidi, kuchemsha huko huikaza rangi, na mafuta yaliyokazwa rangi kwa joto hata kiwanda kikubwa hupata tabu kuyang'arisha baadaye. Aliyekushauri amekutajia dawa inayoharibu mali bila kuondoa sumu.

Soda ya kostiki ndiyo inayofanya kazi, kwa sababu gosipoli ina tabia ya asidi. Ikikutana na soda hugeuka chumvi yake, ikaacha mafuta na kuondoka na tope la sabuni. Nitairudia hiyo hatua kwa vipimo.

Kuhusu nyumbani kwako. Gosipoli haiui kwa mlo mmoja, hujikusanya. Huugusa moyo, ini na misuli, hushusha potasiamu mwilini mpaka mtu anahisi viungo vimelegea, na huzuia mbegu za uzazi za mwanaume. Hili la mwisho lilijulikana China, kwenye maeneo ambako watu walipikia mafuta ghafi ya pamba na ndoa zikakosa watoto. Katika miaka ya 1970 wanasayansi wa huko wakaijaribu gosipoli kama kidonge cha uzazi wa mpango kwa wanaume zaidi ya 8,000, kisha mpango ukaachwa kwa sababu baadhi walipungukiwa potasiamu na baadhi uwezo wa kuzalisha haukurudi. Ikiwa mmeyatumia kwa siku chache, kuacha kunatosha kwa wengi. Ikiwa ni wiki kadhaa, au kuna yeyote mwenye uchovu usioelezeka, misuli kulegea, mapigo ya moyo yasiyo sawa, au mama mjamzito, nendeni kituo cha afya, mtaje wazi kwamba ni mafuta ghafi ya pamba, na muombe kipimo cha potasiamu.

Kuku wako wamekuonyesha sumu mbili kwa wakati mmoja. Kiini cha yai kuwa cha kijani au kahawia ni kazi ya gosipoli, inayoungana na chuma kilichomo kwenye kiini. Huonekana zaidi yai likikaa ghalani. Ute wa waridi hausababishwi na gosipoli. Mafuta ya pamba yana asidi mbili za mafuta zisizo za kawaida, maliva na stekuli, ambazo hudhoofisha utando kati ya kiini na ute. Chuma kikavuka na kuupaka ute rangi. Asidi hizo husafiri na mafuta, kwa hiyo mashudu yaliyobaki na mafuta mengi, kama yako, huleta ute wa waridi kwa wingi zaidi. Ndiyo maana wafugaji wanaochanganya salfeti ya chuma kwenye chakula ili kuifunga gosipoli wanaweza kuokoa kiini na bado wakaona ute wa ajabu.

Hesabu yenyewe ni kali. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu miligramu 20 tu za gosipoli huria kwa kilo ya chakula kamili cha kuku wa mayai. Mashudu ambayo hayakupikwa vizuri yakiwa na asilimia 0.1, yaani miligramu 1,000 kwa kilo, ukiyatia asilimia 10 tu kwenye chakula umeshafika 100, mara tano ya kiwango. Kwa kuku wa mayai ushauri wangu ni usiyatumie kabisa. Kuku wa nyama na nguruwe huvumilia kidogo zaidi, lakini kwa mashudu yaliyopimwa maabara, si kwa kukisia. Ndama, wana-mbuzi na wana-kondoo wasipewe.

Ng'ombe mkubwa ni jambo jingine, na hapo mashudu yako yana soko la halali. Vijidudu vya tumbo lake la kwanza, pamoja na protini iliyomo humo, huifunga sehemu kubwa ya gosipoli kabla haijamfikia. Lakini uwezo huo una mwisho. Dume la mbegu lisiegemezwe kwenye mashudu ya pamba. Ng'ombe wa maziwa achanganyiwe na nyasi na nafaka, mashudu yasiwe ndiyo chakula chenyewe. Ukiona mnyama anahema kwa shida, anakataa kula, uvimbe wa maji tumboni au kifo cha ghafla baada ya wiki kadhaa za kulishwa hivyo, mwite daktari wa mifugo na uweke kando sampuli ya mashudu hayo. Kuna na adui wa pili asiyehusiana na gosipoli: ukungu. Mbegu au mashudu yaliyopata maji hufanya sumukuvu, na ng'ombe akiila huitoa kwenye maziwa. Mashudu yenye harufu ya uvundo usiyaokoe kwa kuyaanika.

Sasa tuje kwenye lita 8. Mbegu ya pamba iliyotoka kwenye mashine ya misumeno ya kuchambulia bado ina manyoya mafupi, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Maganda ni robo na ushei. Mafuta kwa kawaida ni asilimia 16 hadi 20 ya mbegu nzima. Tuchukue 18: kilo 100 zako zina kilo 18 za mafuta. Lita 8 ni kilo 7.4 hivi, kwa kuwa lita moja ina uzito wa karibu kilo 0.92. Maana yake zaidi ya kilo 10 zimeondoka na mashudu, na mashudu yako yana mafuta karibu asilimia 12. Mashine ndogo iliyotunzwa ingepaswa kuacha 7 au 8. Ukifika hapo, utapata kilo 11 kwa mbegu hizo hizo zisizokobolewa, yaani lita 12.

Mafuta yanapotelea wapi? Kwanza kwenye manyoya. Hunyonya mafuta kama utambi na kuyashikilia, huku yakijisokota kwenye mdomo wa mashine na kuziba mianya kati ya fito za chuma zinazoizunguka skrubu, ambamo mafuta yanapaswa kutiririka. Viwanda vikubwa hupitisha mbegu kwenye mashine za misumeno zinazonyoa manyoya hayo mara moja au mbili mpaka yabaki asilimia 2 au 3, na manyoya yenyewe huuzwa kwa ajili ya karatasi, magodoro na selulosi ya viwandani. Kwa mashine moja ndogo, kununua kinyozi hicho hakulipi. Misumeno yake inahitaji kunolewa kila mara na mtu anayejua. Lililo ndani ya uwezo wako ni kukoboa: ipasue mbegu kwa mashine ya kukoboa, kisha pepeta na chekecha, maganda yaondoke na manyoya yao. Kwa kilo 100 utabaki na kilo 50 hadi 55 za viini vyenye mafuta karibu theluthi moja. Ukikamua hizo vizuri, kilo 13 au 14 za mafuta zinawezekana, kwa sababu mashudu yamepungua na kila kilo ya mashudu ni mwizi wa mafuta.

Usikoboe hadi viini vitupu, lakini. Mtu aliyezoea alizeti hufikiri usafi ndiyo faida. Viini vya pamba bila ganda hugeuka ujiuji ndani ya mashine, vinazunguka na skrubu bila kusukumwa mbele, na mafuta yanatoka yamejaa tope. Acha maganda kiasi cha asilimia 10 hadi 15 yawe mshiko.

Pili ni kupika, na naona hukutaja kwamba unapika. Hapa ndipo ningetumia fedha zangu za kwanza. Kupika kunafanya kazi nyingi kwa pamoja: kunapasua seli zinazoshika mafuta, kunagandisha protini ili isitoke na mafuta, kunafanya mafuta yawe mepesi, kunaua vimeng'enya vinavyoyachachusha, na kunaifunga gosipoli kwenye protini kabla ya kukamua, hivyo mafuta na mashudu vyote vinatoka na sumu pungufu. Ponda viini vilainike, vizuri zaidi kama una roli za kuvifanya vipande bapa vya unene wa milimita 0.3 hivi. Pandisha unyevu mpaka asilimia 11 au 12. Kwa mbegu yenye unyevu wa asilimia 8, kufika 12 ni lita nne na nusu za maji kwa kilo 100, zinyunyizwe huku ukikoroga. Kisha pasha kwenye sufuria yenye kuta mbili za mvuke, ukikoroga bila kusimama, kwanza ikiwa imefunikwa ili unyevu ufanye kazi yake karibu na nyuzijoto 90, halafu ifunuliwe ikauke huku joto likipanda mpaka 105 hadi 110. Inaingia kwenye mashine ikiwa na unyevu wa asilimia 4 au 5, ingali ya moto. Jumla ni kama saa moja.

Ukizidisha moto, gosipoli itafungwa sawasawa lakini lisini itaungua nayo, mashudu yatakuwa ya kahawia yenye protini ambayo mnyama haifaidi, na mafuta yatakuwa meusi zaidi. Moto wa kuni moja kwa moja chini ya karai ndiyo njia ya haraka ya kufika huko: chini panaungua, juu pabichi.

Mashudu yenyewe yatakuambia ulipokosea. Yakitoka laini, yanapinda kama ngozi, na mafuta yanatoka na povu na tope, mbegu ilikuwa na maji mengi. Yakitoka unga mkavu, mashine inalalamika na moshi unaonekana, umekausha kupita kiasi. Yakitoka vipande vyembamba, vigumu, vinavyovunjika kwa vidole, uko sawa. Kama unyevu na joto viko sawa na mashudu bado yanalowesha karatasi mafuta, sasa angalia chuma: skrubu iliyolika kingo, fito zilizotanuka, au koni ya mwisho iliyolegezwa. Mbegu ya pamba inakula chuma kuliko alizeti, hasa ikija na mchanga. Ichekeche, na weka sumaku kwenye mdomo wa mashine, kwa sababu kipande kimoja cha waya wa robota kinaweza kuvunja skrubu.

Kabla ya yote hayo kuna mbegu yenyewe. Lundo la mbegu za pamba zenye unyevu wa zaidi ya asilimia 11 au 12 hujipasha moto lenyewe. Ingiza mkono katikati. Ukihisi uvuguvugu, mafuta yameanza kuvunjika kuwa asidi huria. Mbegu nzuri huwa na asidi huria chini ya asilimia 1 ndani ya mafuta yake. Iliyochemka ghalani hufika 5, 10 na kuendelea, na hakuna mashine ya kuirudisha. Hifadhi chini ya asilimia 10, malundo mafupi, hewa ipite. Na ukikuta mbegu zina rangi ya kupakwa, za buluu au nyekundu, hizo zimetiwa dawa kwa ajili ya kupandwa. Hazikamuliwi, hazilishwi, hazichanganywi hata kiganja kimoja.

Povu la kikaango linatokana na mashapo, maji na utomvu wa mbegu uliomo kwenye mafuta ghafi. Kutuamisha na kuchuja kutapunguza, lakini kinachoondoa utomvu ni ile soda. Ukungu mweupe wa baridi hauna ubaya wowote. Karibu robo ya mafuta ya pamba ni asidi palmitiki, na sehemu hiyo huganda mapema. Ipashe kidogo itayeyuka. Viwanda vinavyotaka mafuta yabaki angavu kwenye jokofu huyapoza taratibu kwa siku kadhaa mpaka nyuzijoto 5 hadi 7 na kuchuja kilichoganda. Wewe usijisumbue na hilo.

Nakuja kwenye usafishaji. Nitakupa vipimo ili uone ukubwa wa kazi kabla hujaamua, wala sikuhimizi uanze kesho. Anza kwa kupima asidi huria: gramu 10 za mafuta kwenye alkoholi iliyopashwa moto na kusawazishwa (kuondolewa asidi yake), matone ya fenolfthaleini (dawa inayogeuka waridi soda ikizidi asidi), kisha dondosha maji ya soda ya nguvu ya 0.1 N (kipimo cha maabara) mpaka waridi ibaki. Mililita ulizotumia zidisha kwa 0.1, kisha kwa 28.2, gawa kwa 10. Ukitumia mililita 7.1, una asilimia 2. Kwenye mafuta meusi ile waridi haionekani vizuri. Ongeza alkoholi, na uangalie tabaka la alkoholi badala ya mafuta.

Kwa kilo 100 zenye asilimia 2, asidi inahitaji kilo 2 mara 0.142 (soda kwa kila kilo ya asidi), yaani kilo 0.28 za soda. Ukiishia hapo umeondoa asidi, gosipoli imebaki. Mafuta ya pamba yanataka ziada kwa ajili ya rangi, tuseme asilimia 0.4 ya uzito wa mafuta, kilo 0.4. Jumla karibu kilo 0.7 za soda ya vipande kwenye lita 4.7 za maji. Soda ndiyo inamwagwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya soda. Miwani, glavu za mpira na ndoo ya maji safi viwe karibu. Chombo kiwe cha chuma au chuma kisichoshika kutu. Alumini na bati la zinki huliwa na soda na kutoa gesi inayolipuka, na vali za shaba huyafanya mafuta yachache upesi.

Mimina maji hayo ya soda kwenye mafuta yaliyo kwenye nyuzijoto 20 hadi 25 huku ukikoroga kwa kasi dakika 15 hadi 30. Punguza kasi, pasha polepole mpaka 60 au 65. Utaona mafuta yanakatika: chembe za kahawia zinajikusanya na kati yao mafuta mepesi yanaonekana. Zima, acha yatuame saa 8 hadi 12, toa tope la sabuni kwa chini. Osha mara mbili kwa maji laini (yasiyo na chokaa) ya nyuzijoto 85 hadi 90, kila mara asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mafuta, mpaka maji ya kuoshea yasigeuke waridi kwa fenolfthaleini. Ukikoroga kwa nguvu wakati wa kuosha utapata uji mweupe usiotengana. Ndilo kosa linalowapata wengi. Hesabu kupoteza kilo 6 hadi 10 kwenye tope. Kisha yakaushe, yatie udongo wa kusafishia asilimia 1 hadi 2 kwenye nyuzijoto 100 kwa dakika 20 hadi 30, uchuje. Udongo uliotumika, ukiwa bado na mafuta, unaweza kujiwasha wenyewe ukirundikwa. Umwagie maji na uuweke mbali na ghala.

Hapo utakuwa na mafuta ya manjano yenye kupendeza macho, na ndipo wengi huishia na kuanza kujaza chupa. Harufu bado ipo, na zile asidi za ute wa waridi bado zipo kwa sehemu kubwa. Hatua ya kuziondoa ni mvuke ndani ya chombo kisicho na hewa, kwenye nyuzijoto 220 hadi 250. Hilo linataka boila, pampu ya ombwe na fundi aliyesomea. Hakuna namna ya kulifanya kwa sufuria. Kwa hiyo usafishaji nusu haukupi mafuta ya kuuza kama ya kula. Na hata ukiwa na mtambo kamili, kila toleo lipimwe maabara na kibali cha mamlaka ya chakula kiwepo. Marekani, kwa mfano, haikubali zaidi ya miligramu 450 za gosipoli huria kwa kilo ya bidhaa za pamba za kuliwa.

Jambo la haraka zaidi hapa ni muda. Mafuta ghafi ya pamba yakikaa, hasa kwenye joto, rangi hujikaza na soda haiitoi tena. Kwa hiyo kwa mtu mwenye mashine moja, naona njia inayokufaa ni hii: kamua kwa kupika, tuamisha, chuja, na ndani ya siku chache uza mafuta ghafi kwa kiwanda chenye mtambo wa kusafisha, kwa bei inayofuata kipimo cha asidi na rangi. Mashudu wauzie wenye ng'ombe wakubwa. Njia ya pili ni wakamuaji kadhaa kuungana na kujenga mtambo mmoja. Inalipa mkiwa na mbegu za uhakika mwaka mzima, na kabla ya kununua bomba hata moja mwiteni mhandisi wa mitambo ya mafuta aje aone eneo na maji yenu. Kama hakuna kiwanda cha kusafisha kinachofikika, rudisha mashine kwenye alizeti, na mbegu za pamba ziuze zikiwa nzima kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Hakuna aibu katika hilo. Mara nyingi hesabu yake ni nzuri kuliko ya kukamua kwa lita 8.

Kubadilisha mashine kuwe la mwisho. Na kama kuna atakayekushawishi kuyafuata mafuta yaliyobaki kwenye mashudu kwa heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta na kuwaka kama petroli, kataa. Viwanda huacha mafuta chini ya asilimia 1 kwa njia hiyo, lakini mvuke wa heksani ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na ukifika asilimia 1.1 tu hewani cheche ya swichi inatosha kulipua jengo.

Leo au kesho peleka maabara vitu viwili: nusu lita ya mafuta kwenye chupa nyeusi iliyojaa hadi juu, wapime asidi huria na rangi; na kilo moja ya mashudu iliyochotwa kwenye magunia kadhaa, wapime gosipoli huria, sumukuvu na mafuta yaliyobaki. Namba hizo ndizo zitakazomwambia mnunuzi bei na mfugaji kiasi.

Mafuta uliyonayo sasa, hasa yaliyokwisha kuchemshwa, yafanye sabuni ya kufulia. Kilo 10 za mafuta huchukua kilo 1.3 za soda ya kostiki kwenye lita 3 hivi za maji. Sabuni ya pamba peke yake huwa laini, hivyo changanya theluthi moja ya mafuta ya wanyama au mawese, na hapo soda ihesabiwe upya kwa mafuta uliyoongeza, maana kila aina ina kiwango chake. Rangi itakuwa ya kahawia.